Mtoto yuko nasari: maswali ambayo wazazi wa Mombasa huuliza mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayosikika kwenye benchi la nje ya nasari, yaani wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wagonjwa, katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile wengi tunayoiita Makadara, na katika hospitali nyingine za mji huu. Nayajibu kama muuguzi angekujibu akipata dakika kumi za kukaa nawe, dakika ambazo mara nyingi hazipatikani. Yanahusu mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Daktari anayemshika mwanao ndiye anayemjua. Ukurasa huu ni wa kukusaidia kujua umuulize nini.

Nimejifungua wiki ya 30. Hiyo ni mapema kiasi gani?

Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Mimba ikifika wiki 37 mtoto amekomaa. Kati ya wiki 32 na 37 amewahi kidogo, kati ya 28 na 32 amewahi sana, na chini ya 28 huyo amewahi mno na safari yake itakuwa ndefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati, takriban mmoja katika kila kumi. Hukuchaguliwa peke yako.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuna uhakika na tarehe. Ndiyo maana daktari humkagua mtoto ngozi, masikio, chuchu na mistari ya nyayo: nyayo laini zisizo na mikunjo ni dalili ya uchanga, yaani kwamba hajakomaa. Kama ulipiga skani mapema katika mimba, ilete, hata kama karatasi imekunjamana. Skani ya miezi mitatu ya kwanza hukadiria umri vizuri kuliko ile ya mwisho.

Na usilinganishe kilo na kilo. Mtoto wa kilo moja na nusu aliyezaliwa wiki ya 31 ana mapafu machanga. Mwingine wa uzito huohuo aliyezaliwa wiki ya 37 mapafu yake huenda ni mazima, ila alikosa chakula tumboni. Kitanda kimoja, shida mbili tofauti.

Bibi anasema mtoto wa miezi saba huishi, wa miezi minane haishi. Ni kweli?

La. Kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto nguvu, na wa miezi minane ana nafasi nzuri kuliko wa saba. Usemi huu ni wa zamani sana na bibi hakuutunga yeye, kwa hiyo mjibu kwa adabu. Lakini usiuache uingie nasari, maana nimeona familia zikikata tamaa bure kwa sababu yake.

Kosa la upande wa pili lipo pia: mtoto wa wiki 35 anaonekana mnene, kila mtu anasema huyu mzima, basi analazwa kama mtoto aliyekomaa. Kumbe ananyonya kidogo akalala, sukari inashuka, na siku ya tatu amegeuka manjano. Huyu naye ni wa kuamshwa anyonye kila saa tatu.

Kila nikiingia namkuta sista anampima. Anatafuta nini hasa?

Vitu vitano, na ukivijua utaelewa karibu kila mazungumzo ya nasari.

Joto la mwili, liwe kati ya 36.5 na 37.5. Pumzi, kama 40 hadi 60 kwa dakika. Kuhesabu kwake lazima kwende dakika nzima kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa mikupuo, anakwenda mbio, anatulia, anakwenda tena. Mapigo ya moyo, mara nyingi kati ya 120 na 160. Kiwango cha oksijeni kwenye damu, ambacho husomwa na kile kitaa chekundu kilichofungwa mguuni. Na sukari, ambayo ndiyo sababu ya kuchomwachomwa kisigino siku za mwanzo: mtoto huyu hana akiba ya mafuta wala ya sukari kwenye ini, akikosa maziwa saa chache tu anaishiwa.

Zaidi ya namba, muuguzi anamtazama kifua. Mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi, pua ikipanuka, au akiguna mwisho wa kila pumzi, hapo anafanya kazi kubwa kuliko uwezo wake. Hilo hata wewe unaweza kuliona. Ukiliona, sema.

Mashine ikilia nifanye nini? Moyo wangu unaruka kila mara.

Mtazame mtoto kwanza, kisha ndiyo skrini. Mara nyingi amerusha mguu, kitaa kimesogea, mashine imepoteza usomaji. Kama rangi yake ni nzuri na kifua kinapanda na kushuka, mwite sista bila kupiga kelele.

Lakini kuna kulia kwa kweli. Ubongo wa mtoto mchanga husahau kumwambia apumue. Pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi lakini moyo ukapungua kasi au rangi ikabadilika, hilo ni tukio la kuandikwa kwenye faili. Mara nyingi kumsugua nyayo au mgongo kunatosha kumkumbusha. Watoto wengi huacha tabia hii wakifika wiki 34 hadi 36 za umri wa mimba. Kabla ya hapo hupewa dawa ya kafeini au aminofilini. Ndiyo, kafeini ileile iliyo kwenye kahawa, ila hii imepimwa kwa uzito wake. Asije mtu akamdondoshea kahawa chungu ya mzee wa mabuli.

Mombasa joto hili, mbona amevishwa kofia na soksi?

Swali hili huja sana wakati wa kaskazi, sote tukiwa tunatiririka jasho. Mwili wako ni mkubwa, una mafuta chini ya ngozi, na unaweza kutetemeka ukihisi baridi. Yeye hana mafuta, hawezi kutetemeka, ngozi yake inapoteza maji, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili mzima. Feni ya dari tu, au nepi iliyolowa, inatosha kumshusha hadi nyuzi 35. Akipoa anatumia sukari na oksijeni kujipasha, na uzito aliokuwa aongeze unaishia huko.

Kwa hiyo ile mashine ya kioo, inkubeta, kazi yake kubwa ni joto na unyevu. Ukifungua dirisha lake kumshika, fungua dogo, na lifunge. Kumzidishia joto nako kuna hatari yake, ndiyo maana tunapima badala ya kukisia kwa mkono.

Ana mipira puani na chupa ya maji inayotoa mapovu. Ni nini?

Hiyo twaiita sipapu. Mapafu ya mtoto mchanga hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane kila anapotoa pumzi. Huwa unakamilika karibu na wiki ya 34 au 35. Sipapu husukuma hewa kidogo mfululizo ili vifuko vibaki wazi. Mapovu yale yanaonyesha kwamba msukumo upo, na yakikoma ghafla mwambie muuguzi, huenda mpira umechomoka. Wengine hupewa dawa ya utelezi huo moja kwa moja kwenye mapafu. Kama ulipigwa sindano za kukomaza mapafu kabla ya kujifungua, mwambie daktari ni lini na ngapi.

Dalili ya maendeleo hapa ni kupunguziwa: msukumo unashushwa, kisha oksijeni, kisha anabaki na mpira mdogo wa puani, kisha hewa ya kawaida kama sisi. Kurudi nyuma hatua moja hutokea sana na peke yake si msiba.

Wazazi wengine huomba mtoto aongezwe oksijeni. Tafadhali msiombe. Anayesaidiwa na oksijeni hulengwa asilimia 90 hadi 95, na kuzidisha huharibu macho.

Alizaliwa na gramu 1,400, sasa ana 1,270. Hawamlishi?

Wanamlisha. Siku za kwanza kila mtoto hupoteza maji, na mchanga huweza kupoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake au kupita kidogo. Gramu 130 kwa 1,400 ni ndani ya mpaka huo. Tunatarajia arudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 hadi 14. Baada ya hapo tunatafuta karibu gramu 15 kwa kila kilo kwa siku; kwake yeye ni kama gramu 20.

Sasa fikiria gramu 20 ni kitu gani. Nepi iliyokojolewa inazidi hapo. Mpira wa dripu uliofungwa ubao unazidi hapo. Ndiyo maana tunampima uchi, mizani ileile, saa ileile, na ndiyo maana sikushauri ukeshe unalia kwa sababu jana alikuwa 1,510 na leo 1,495. Mama mmoja alikuwa anaandika uzito nyuma ya mkono wake kwa kalamu kila asubuhi na siku nzima anautazama. Nilimwomba aandike wa Jumatatu kwa Jumatatu tu. Wiki nzima ikipita bila kuongezeka, hapo tuna kazi: maziwa yanatosha? Anapoa? Ana maambukizi? Damu imepungua?

Kila wiki tunapima pia mzunguko wa kichwa na urefu. Kichwa hutarajiwa kukua kama nusu sentimita hadi sentimita moja kwa wiki. Kikikua kwa kasi kuliko hapo, na utosi ukajaa, tunarudia skani ya kichwa.

Kwenye raundi daktari hupita mbio. Niulize nini?

"Ukilinganisha na juzi, anakwenda mbele au anarudi nyuma?" Kisha: "Ni kitu gani kimoja kinachowatia wasiwasi leo?" Maswali haya mawili hupata majibu mazuri kuliko "Mtoto anaendeleaje?", ambalo jibu lake siku zote ni "Anaendelea vizuri, mama."

Hawezi kunyonya. Maziwa yangu yana faida gani?

Kubwa kuliko dawa nyingi zilizo kwenye kabati letu. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja ni ufundi ambao watoto wengi huupata karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo maziwa hupita kwenye mrija mwembamba unaoingia mdomoni au puani hadi tumboni, baadaye kwa kikombe kidogo, na mwisho titi. Chupa hatuipendi: huleta uchafu na humchanganya mtoto.

Anza kukamua mapema, ikiwezekana ndani ya saa chache za kujifungua, na uendelee mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku ndio wenye baraka zake, homoni ya maziwa hupanda wakati huo, na mama anayelala hadi asubuhi baada ya siku chache huona titi limelegea. Ile dang'a ya manjano siku ya kwanza inaweza kuwa matone machache tu. Usione haya kuyaleta. Mtoto wa kilo moja huanza na mililita mbili tatu kwa mlo. Kijiko cha chai ni mililita 5.

Maziwa ya mama hupunguza ugonjwa mbaya wa utumbo unaowapata hasa wachanga hawa, ambapo ukuta wa utumbo huvimba na hata kuoza. Ndiyo maana sista humpapasa tumbo na kuuliza kuhusu choo. Tumbo likijaa na kung'aa, akatapika kijani, au choo kikiwa na damu, maziwa husimamishwa, anapigwa picha, na anapewa dawa. Kusimamishwa maziwa siku hizo hakumaanishi kwamba maziwa yako yana kasoro. Wewe endelea kukamua.

Kama umesharuhusiwa na unakwenda na kurudi, wengi wenu mnatoka Likoni, Mtwapa, Changamwe, hata Kwale. Maziwa hukaa saa nne nje penye ubaridi wa nyuzi 25, na Mombasa mchana si 25. Foleni ya feri peke yake inaweza kuyamaliza. Chukua kikombe safi chenye kifuniko, kiweke kwenye kibebeo chenye barafu, andika jina na saa. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne.

Benki ya maziwa ya mama? Ya kwanza nchini ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Huku kwetu, ukikwama, mwambie muuguzi kabla hujaenda kununua kopo. Na usimpe maziwa ya dada yako kimyakimya, hata kwa nia njema. Maambukizi ya virusi hupitia humo.

Mama mkwe ameleta tende, asali na ubani. Nimwambieje?

Mwambie "shikamoo mama", umpokee, kisha useme sista amekataza. Tumebeba lawama hiyo kwa miaka, tumeshazoea.

Asali ni marufuku hadi mtoto atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolemaza misuli. Kumpakaza tende kwenye kaakaa kunaweza kusubiri hadi anyonye mwenyewe bila mrija. Muulize daktari siku hiyo ikifika, na sheikh wenu atakwambia hakuna ubaya kungoja. Maji ya aina yoyote, hata ya zamzam, yanajaza tumbo lenye nafasi ya mililita chache. Ubani na udi ni moshi, na mapafu haya ndiyo kwanza yanajifunza. Wanja machoni usipake.

Adhana hatukatazi kabisa. Baba anawe mikono, ainame, amwadhinie kwa sauti ndogo. Akika nayo haina haja ya kuharakishwa mtoto akiwa ndani.

Amegeuka manjano. Nimtoe juani asubuhi?

Usimtoe. Jua la dirishani halina kipimo, linamchoma au linampoza, na linakuchelewesha. Ini lake bado ni changa, haliwahi kuondoa rangi inayotokana na seli za damu zinazovunjika. Ikizidi inaingia kwenye ubongo na madhara yake hayafutiki: usikivu hupotea, misuli hukakamaa. Kiwango kisichomdhuru aliyekomaa kinaweza kumdhuru mchanga, kwa hiyo tunapima kwa damu badala ya kutegemea macho, hasa kwenye ngozi yetu nyeusi. Taa za buluu ndizo dawa. Akiwa chini yake hufungwa macho na kubaki na nepi tu, na anatakiwa akae humo muda mwingi iwezekanavyo, atoke kulishwa tu. Taa zisipotosha hubadilishwa damu.

Kwa nini wanataka kumpiga skani kichwani?

Mishipa ya damu ndani ya ubongo wa mtoto wa chini ya wiki 32 ni myembamba mno, na ikipasuka mara nyingi ni ndani ya siku tatu za kwanza. Skani hupitia kwenye utosi, haina mionzi wala sindano, inachukua dakika chache kando ya kitanda. Hupigwa wiki ya kwanza na kurudiwa baadaye.

Ukiambiwa "ameona damu kidogo", uliza daraja. Kuna madaraja manne. La kwanza na la pili watoto wengi hukua vizuri. La tatu na la nne linahitaji kufuatiliwa kwa karibu, na hata hapo hakuna anayeweza kukutabiria mtoto atakuwaje.

Daktari amesikia mlio kwenye moyo.

Huenda ni mshipa uliokuwa ukitumika tumboni kupitisha damu kando ya mapafu, ambao kwa wachanga huchelewa kuziba. Huangaliwa kwa skani ya moyo. Mwingi hujiziba wenyewe, mwingine hupewa dawa, na wachache huhitaji upasuaji.

Wanachota damu kila mara. Haitamwishia?

Hofu hii ina msingi. Mtoto wa kilo moja ana mililita 80 hadi 90 za damu mwilini mwote, chini ya kikombe cha kahawa kilichojaa mara mbili. Muulize daktari kila kipimo kinatafuta nini na kama viwili vinaweza kuchukuliwa kwa mchomo mmoja. Hakuna atakayekasirika kwa swali hilo, na akikasirika, uliza tena kesho. Karibu wote hupungukiwa damu kwa kuwa akiba ya madini ya chuma huwekwa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambayo yeye hakuimaliza. Baadhi huongezwa damu. Baada ya wiki chache huanza matone ya madini ya chuma, ambayo huendelea nyumbani kwa miezi. Choo kitageuka cheusi, ni kawaida.

Uchunguzi wa macho ni wa nini, na mtoto mwenyewe anatutazama vizuri?

Huu ndio uchunguzi unaopuuzwa zaidi na ndio ninaousisitiza kuliko yote. Mishipa ya nyuma ya jicho haijamaliza kukua mtoto anapozaliwa mapema. Ikikua ovyo inaweza kuvuta pazia la ndani ya jicho hadi likabanduka, na hapo ni upofu wa maisha. Mwanamuziki Stevie Wonder wa Marekani, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, alipoteza macho kwa ugonjwa huu. Kwa nje jicho linaonekana zima kabisa.

Huchunguzwa waliozaliwa chini ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500, na wakubwa kidogo ambao waliugua sana au walikaa kwenye oksijeni. Mara ya kwanza ni karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni, daktari anatazama kwa taa. Atalia, nawe utalia, halafu kwisha. Mara nyingi hurudiwa kila wiki moja au mbili hadi mishipa ikomae. Matibabu ni leza au sindano ndani ya jicho, na yakihitajika hufanywa ndani ya siku mbili tatu, hayangoji mshahara.

Mtego uko hapa: wiki ya nne wengine mmesharuhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto ananenepa, nauli ni shida, tarehe inapita. Kabla hujaondoka dai tarehe ya macho iandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Dai na kipimo cha masikio hapohapo, kwa sababu dawa fulani za maambukizi, umanjano mkali na uchanga wenyewe huweza kuathiri usikivu.

Kangaruu ni kwa ajili ya kukosa mashine, siyo?

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza hivyo, Bogotá nchini Colombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na uhaba. Leo hata nchi zenye mashine za kila aina wanaifanya. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali ya mtoto haijatulia, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Kisha mfunge kwa leso, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inashika vizuri kuliko mpya yenye wanga. Ukimaliza, kaa nusu ukiegemea. Ukitazama mashine utaona pumzi inatulia.

Baba naye anaweza, na nywele za kifua hazimdhuru mtoto. Huwa wanakuja wakijifanya wana haraka ya kazi. Akishafungwa leso hiyo mara moja, kumwondoa kitini ni shughuli.

Watu wangapi wanaruhusiwa kumwona?

Wachache. Vua pete, bangili na saa, nawa hadi kiwiko, na anayekohoa abaki nje. Maambukizi ya damu humuua mchanga upesi na huanza kwa dalili ndogo: amelegea leo, hataki maziwa aliyoyapokea jana, joto limeshuka. Mama mara nyingi huona kabla yetu. Neno "leo hayuko sawa" likitoka kwako tunalichukulia kwa uzito, na ukiona halijachukuliwa hivyo, mtafute sista msimamizi.

Malipo je?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili mapema, mchukulie mtoto karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, umwongeze kwenye jina lako. Bili ikikuzidi nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa bado wodini. Usingoje siku ya kuruhusiwa.

Tutaruhusiwa lini?

Kalenda haitoi ruhusa, mtoto ndiye anayeitoa. Awe ananyonya au anakunywa kwa kikombe maziwa yote anayohitaji, anaongeza uzito siku kadhaa mfululizo, anashika joto lake bila mashine, na hajakatika pumzi kwa siku tano hadi saba bila dawa. Hospitali nyingi pia hungoja afike karibu kilo 1.8 hadi 2. Makadirio ya wazazi walio wengi: karibu na tarehe uliyokuwa ujifungue, pengine wiki mbili tatu kabla.

Siku ya kwenda nyumbani mbebe kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Matatu iliyojaa haifai, bodaboda haifai kabisa; tafuta tuktuk au jirani mwenye gari. Arobaini yako ikifika, wageni wakija na uji wa pilipili manga na baraka zao, unywe wewe, wamwombee dua mtoto, wasimbusu.

Nyumbani, ni dalili gani za kunirudisha hospitali usiku huohuo?

Amekataa kunyonya mara mbili mfululizo. Anapumua zaidi ya 60 kwa dakika au mbavu zinabonyea. Pumzi imekatika. Fizi na ulimi vimekuwa vya samawati au kijivu. Angalia humo mdomoni, midomo yetu hudanganya. Degedege. Mwili wa moto, au baridi ambayo haiondoki baada ya saa moja ya kangaruu. Manjano iliyofika viganja na nyayo. Matapishi ya kijani, choo chenye damu, kitovu chenye usaha. Usipitie duka la dawa kwanza.

Chanjo zinahesabiwa tangu alipozaliwa au alipotakiwa kuzaliwa?

Tangu alipozaliwa. Zile za wiki 6, 10 na 14 zinadungwa kwa umri wake halisi hata kama ni mdogo wa mwili; yeye ndiye anayezihitaji zaidi. Ya kifua kikuu huenda ikacheleweshwa hadi atulie na kuongeza uzito, kwa hiyo hakikisha haijasahaulika.

Ana miezi minane na bado hajakaa. Wa jirani, wa miezi sita, anakaa.

Kwa makuzi, tofauti na chanjo, punguza wiki alizowahi. Mimba kamili ni wiki 40, na aliyezaliwa wiki ya 30 aliwahi wiki 10, kwa hiyo miezi minane yake ni kama mitano na nusu. Hajachelewa. Tumia hesabu hiyo hadi afikishe miaka miwili, na waombe kliniki waandike umri zote mbili kwenye kitabu, maana muuguzi mgeni akisoma tarehe ya kuzaliwa peke yake atakutia hofu.

Yanayonifanya nimpeleke mtoto kwa mtaalamu wa viungo bila kungoja ni haya: miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi ukimbadilisha nepi, mkono mmoja unaokunjwa ngumi huku ule wa pili unacheza, au asiyekufuata uso kwa macho akiwa na miezi mitatu ya hesabu hiyo iliyopunguzwa. Mazoezi yakianza mapema, mama mwenyewe hufundishwa na kuyafanya kwenye mkeka, asubuhi na jioni.